Plasta Haibebi Paa

Kuna maneno yamezoeleka kwenye vikao vya ujenzi vya makanisa yetu, upande huu wa Tororo na upande ule wa Busia, na mimi nimeyachoka: "Tunataka kanisa lenye sura ya kanisa." Ukiuliza hiyo sura ni ipi, hakuna anayejibu kwa mdomo. Mtu anainua mikono, anakutanisha ncha za vidole juu ya kichwa, basi. Madirisha marefu, membamba, yamechongoka juu. Mlango wa mbele hivyo hivyo. Kengele hata kama hakuna, mahali pake pawepo.

Kamati moja ninayoijua (sitaitaja, wenyewe wanajijua, na hili gazeti letu wanalisoma) imepitisha madirisha kumi na mawili ya ncha kabla haijapitisha mfereji wa maji ya mvua. Pesa zenyewe ni za akina mama wanaouza omena sokoni, au mukene kwa nyinyi wa upande huu, na za vijana wa boda boda, na za ndugu waliotuma kidogo kidogo kwa simu kutoka Kampala na Nairobi. Mimi sipingi kanisa. Nimebeba karai la zege miaka mingi, nimejenga makanisa ya watu wengine, langu nalitaka pia. Ninachopinga ni ncha isiyofanya kazi yoyote.

Hebu niwaambie linavyojengwa hilo dirisha, kwa sababu wengi mnaolichangia hamjawahi kulitazama likiwa uchi. Fundi anapandisha ukuta wa matofali ya kuchoma. Akifika kimo cha dirisha anamwaga linta ya zege yenye nondo, imenyooka kama rula. Hiyo linta ndiyo inayobeba kila kitu kilicho juu yake. Halafu chini ya linta, ndani ya tundu la mraba, anapachika vipande vya matofali kwenye pembe mbili za juu, anapaka plasta, anachonga kwa mwiko, na tazama, dirisha lina ncha! Ncha hiyo haijabeba hata kilo moja. Yenyewe ndiyo inayobebwa. Kuipata, umekata matofali mazima na kutupa nusu, umemlipa mtu wa kuchomelea akunje vyuma, umemlipa mtu wa vioo akate kioo kwa mduara, na vingine vimevunjika mkononi mwake. Mwisho wa yote dirisha halifunguki, maana bawaba za umbo lile ni ghali, kwa hiyo kioo kimegandishwa. Saa sita mchana, chini ya mabati, watu mia mbili wanaimba ndani ya sufuria.

Na ukilalamika unaambiwa ni mtindo wa zamani, mtindo wa makanisa makuu ya Uingereza. Haya. Twende basi huko Uingereza, tuone kama ndiyo hivyo.

Tarehe 5 Septemba 1174 moto ulizuka katika vijumba vitatu nje ya lango la kanisa kuu la Canterbury. Upepo ulikuwa mkali. Ulipeperusha cheche hadi juu ya kanisa, zikapenya kati ya mabamba ya madini ya risasi yaliyoezekwa pale, zikakuta mbao zilizooza. Kwa nje hakuna aliyeona kitu mpaka paa lilipoanza kuyeyuka. Sehemu ya kwaya, pale watawa walipoimbia, iliungua yote. Mtawa mmoja aitwaye Gervase alikuwepo, akaandika mambo yote, mwaka kwa mwaka. Ndiyo sababu mimi na wewe leo, hapa mpakani, tunaweza kujua habari za mafundi waliokufa zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Watawa waliita mafundi kutoka Ufaransa na Uingereza. Mafundi wakabishana, kama kawaida yao: wengine walisema nguzo zilizoungua zinaweza kutengenezwa, wengine walisema zibomolewe. Aliyechaguliwa alikuwa mgeni, William wa mji wa Sens, Ufaransa. Alikagua kuta kwa siku nyingi, na kwa muda aliwaficha watawa ukubwa wa hasara, asije akawaua kwa huzuni. Alipoona wametulia ndipo akawaambia ukweli, kwamba lazima kubomoa. Mawe yaliagizwa kutoka ng'ambo ya bahari. Alitengeneza mitambo ya kupakia na kupakua meli. Aliwapa wachonga mawe kalibu za kufuata, ili jiwe la leo liingiane na la mwezi ujao. Mwaka 1178, akiwa juu akiandaa dari la mawe, mbao zilivunjika chini ya miguu yake akaanguka kiasi cha mita 15. Hakufa. Aliendelea kuelekeza kazi akiwa kitandani, mpaka akaona haiwezekani, akarudi kwao Ufaransa. Aliyeshika nafasi yake aliitwa William vilevile, ila huyu alikuwa Mwingereza. Gervase anasema alikuwa mdogo wa mwili lakini hodari na mwaminifu katika kazi za aina nyingi. Kazi ilimalizika mwaka 1184. Ni moja ya majengo ya kwanza ya Uingereza kufuata mtindo unaoitwa Gothiki, ambao ndio baba wa hayo madirisha yenu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kamati zetu zinapokosea. Mafundi wale hawakuanza na dirisha. Walianza na uzito.

Tao la nusu duara lina sheria ngumu: kimo chake ni nusu ya upana wake, hakuna mjadala. Ukitaka kuunganisha nguzo zilizo mbali na nguzo zilizo karibu, matao yanatofautiana kimo na dari lako la mawe linakuwa vilima na mabonde. Tao la ncha ni vipande viwili vya duara vinavyokutana juu. Unaweza kuvisogeza karibu au kuvitanua, na kimo ukakiacha palepale. Tena uzito wake unashuka chini zaidi kuliko kusukuma pembeni. Jaribu kwa karata mbili: zisimamishe kama hema, kwanza kali, halafu zilalie. Zilizolala ndizo zinazoteleza upesi. Basi wale mafundi walichukua tao la ncha, wakapitisha mbavu za mawe kwenye dari, wakakusanya uzito wote wa juu na kuushusha kwenye nguzo chache, na kwa nje wakaegemeza viegemeo vya mawe ili nguzo zisisukumwe. Uzito ulipokwisha kupewa njia yake, ukuta wa katikati ukabaki bila kazi kubwa. Na ukuta usio na kazi unaweza kutobolewa. Ndipo dirisha likaja. (Waingereza wenyewe walikuwa waoga kuliko Wafaransa, kuta zao zilibaki nene. Sipendi kuwasifu kupita kiasi.)

Kwa hiyo dirisha la ncha lilikuja mwisho, kama matunda ya kazi iliyofanyika mahali pengine. Sisi tunachuma tunda la plastiki na kulifunga kwenye mti kwa waya.

Najua kuna hoja yenye uzito kuliko zote, na mzee mmoja tunayemheshimu aliisema vizuri kikaoni. Alisema: "Watu wa mji wanatuona wapita njia. Tukijenga kama wao, watajua tumefika." Siwezi kumcheka. Mwaka 2008, wakati Wakenya tulipovuka Busia na Malaba kukimbia vita vya baada ya uchaguzi, wengi wetu tulipelekwa Mulanda, hapa wilayani Tororo, na ibada ilikuwa chini ya turubai. Wengine walihamishiwa Kiryandongo, wengine walirudi, wengine tuko hapa hapa. Wazee wa Busia upande wa Kenya nao wanakumbuka Waganda waliovuka wakija kwao miaka ya Amin. Kila familia hapa mpakani ina siku yake ya kuvuka. Anayeomba chini ya turubai anajua aibu ambayo mwenye paa haijui.

Lakini mzee wangu, hilo kanisa unaloliiga nalo lina historia ya kuhama. Salisbury, mojawapo ya makanisa makuu safi kabisa ya Gothiki ya mwanzo ya Kiingereza, halikuwa pale lilipo. Lilikuwa juu ya kilima, Old Sarum, ndani ya ngome moja na askari wa mfalme. Maji yalikuwa shida. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mapadri walilalamika hawasikiani wakiimba. Na askari waliwasumbua. Malango yalikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Sisi tuliokaa kambini tunaijua hiyo hadithi bila kutafsiriwa. Waliomba ruhusa kwa Papa Honorius wa Tatu, wakateremka bondeni na Askofu Richard Poore, wakaweka mawe ya msingi mwaka 1220, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1258. Hawakuteremka na sura ya kanisa la zamani mfukoni, wakaibandika kwenye ukuta mpya ili watu wa bondeni wawaheshimu. Walijenga kwa namna ambayo mafundi wa siku zao waliielewa kabisa, mpaka kwenye udongo.

Na huo udongo ndio ninaotaka kuuzungumzia. Msingi wa Salisbury una kina cha mita 1.2 hivi tu. Ukisikia hivyo unaweza kusema, si hata sisi tunachimba hivyo? Ndiyo, lakini pale chini kuna changarawe ngumu iliyoshikana. Kiwanja chetu kiko bondeni, kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Nimeuchimba kwa mikono yangu. Ufa wa mkono unaingia. Na hata Salisbury, baadaye waliongeza mnara wenye kilele cha mita 123, tani kama 6,500 juu ya nguzo ambazo hazikupangiwa mzigo huo, na nguzo zimepinda. Ukisimama katikati ukatazama juu unaziona kwa macho. Kule Wells vilevile. Kanisa lilianza kujengwa karibu mwaka 1175 kwa matao ya ncha kila mahali. Zaidi ya karne moja baadaye mnara ukaongezwa kimo, ukaanza kulala, na kati ya 1338 na 1348 mafundi wakalazimika kuingiza matao makubwa yaliyopishana kama mkasi ili kuushika. Leo watalii wanayapiga picha kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Ni bandeji, jamani! Bandeji nzuri sana, lakini mwenye kuvaa bandeji hakuanza kwa kuitamani.

Upande wa pili kuna vijana wetu wanaosema hizo ncha zote ni ukoloni, tuzitupe, tujenge duara kama nyumba za babu. Hao nao hawajatazama vizuri. Msikiti wa Ibn Tulun kule Kairo ulikamilika mwaka 879, na matao yake yana ncha, karibu miaka 300 kabla ya moto wa Canterbury. Nenda Gedi, karibu na Malindi, magofu ya msikiti na jumba la mfalme: milango ina ncha, imejengwa kwa matumbawe na chokaa na mafundi wa pwani hii hii inayotupa lugha tunayoandikia. Nenda Kilwa, msikiti mkuu, utayaona tena. Hakuna Mzungu aliyewafundisha. Tao la ncha halina pasipoti. Nyinyi mnaovuka mpaka mara nne kwa siku mkiwa na abiria nyuma, ambao hata jina la kazi yenu limetoka kwenye kuvuka huko, mnapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Huu mpaka wenyewe ni wa juzi. Kabla ya mwaka 1902, Busia ya Kenya ilihesabiwa kuwa ni Uganda.

Mfano ninaoupenda uko Unguja, Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana papo hapo. Askofu Edward Steere, yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alisimamia kazi mwenyewe. Matao ya ncha yapo. Lakini dari hakulinakili Canterbury: alimwaga zege la matumbawe yaliyopondwa pamoja na saruji, likapindwa kuwa kuba refu, na watu wakasubiri lianguke. Halijaanguka. Ibada ya kwanza ilikuwa Krismasi ya 1877. Kila mgeni anayeingia huonyeshwa nguzo kadhaa zilizosimamishwa miguu juu kichwa chini. Mafundi walizigeuza askofu akiwa safarini, na zikaachwa hivyo. Mimi nazipenda nguzo hizo kuliko dirisha lolote. Zimegeuzwa lakini zinabeba.

Namirembe pia, kanisa ambalo wengi wenu mnalitaja kama kipimo. Lililoko leo si la kwanza pale kilimani. La matete liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. La matofali lililowekwa wakfu mwaka 1904 lilipigwa na radi likaungua mwaka 1910. Tunaloliona sasa ni la mwaka 1919, na mchoraji wake ni Beresford Pite, msanifu wa London. Na kanisa kuu la All Saints la Nairobi lilichorwa na Temple Moore, msanifu wa London aliyeijua Gothiki kama mama anavyoijua jiko lake: jiwe la msingi 1917, kumalizika 1952. Miaka 35! Walijenga kipande, wakaabudu ndani ya kipande. Sisi tunataka kuzindua kabla ya Pasaka, ndiyo maana tunakimbilia plasta.

Halafu kuna suala la jua, na hili linanishangaza kwamba halijasemwa na mtu. Canterbury iko digrii 51 kaskazini mwa ikweta. Majira ya baridi jua linatambaa chini chini na kuondoka mapema. Watu wale walikuwa na njaa ya mwanga, na kila tundu la ziada ukutani lilikuwa neema. Busia na Tororo hazifiki hata digrii moja kutoka ikweta. Mwanga kwetu unaingia hata usipoalikwa. Njaa yetu ni ya kivuli na hewa, na paa linalotoka nje ya ukuta vya kutosha ili mvua ya alasiri isipige watu wa viti vya pembeni. Fundi wa Canterbury akiletwa hapa leo, akasimama nusu saa kwenye joto lile, kitu cha mwisho angechora ni kioo chembamba kilichogandishwa. Angeuliza upepo unatoka wapi. Angeuliza mwamba wa Tororo ule unaouona kutoka kila mahali umetengenezwa na nini, na kwa nini mji wenye kiwanda cha saruji unatumia saruji kwa mapambo.

Ndiyo, linganisheni mpenzi wa Gothiki wa kweli na kamati zetu. Mmoja anauliza mzigo unapita wapi. Mwingine anauliza itaonekanaje kwenye picha ya harusi.

Nimeambiwa pia kwamba tusijenge chochote cha kudumu kwa sababu tutarudi nyumbani. Anayesema hivyo ana watoto watatu waliozaliwa hapa na wanaongea Kijapadhola kuliko yeye. Sitapoteza wino.

Ninachotaka kikao kijacho ni kidogo. Mchoro uletwe mezani, uwekwe wazi, na siyo mchoro wa mbele tu. Mchoro wa kukatwa ubavuni, unaoonyesha msingi, ukuta na paa. Fundi asimame mbele ya akina mama waliochanga, achukue kijiti, afuate uzito kutoka kwenye bati mpaka kwenye udongo, aseme kila mahali unapopita. Akifika kwenye zile ncha, aseme zinabeba nini. Akisema zinabeba, kwa sababu ameamua kujenga matao ya kweli ya matofali bila linta, kama yalivyo majengo mengi ya zamani mjini, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na nitakuja na karai langu bila malipo Jumamosi zote. Akisema ni urembo, basi pesa za hayo madirisha kumi na mawili ziende kwenye msingi na mfereji, na mapaa yatoke nje ya ukuta mita nzima, na kuta zitobolewe kwa matofali ya matundu kutoka usawa wa kiti mpaka juu, hewa ipite.

Na yule kijana wa kwetu aliyejifunza kuchora majengo kule Eldoret kabla hatujakimbia, ambaye kwa sasa anaendesha pikipiki kwenye stendi ya Malaba, aitwe. Hajawahi kuitwa hata mara moja. Kikao ni Jumapili ya pili, baada ya ibada ya Kiswahili.